Kibati cha Kukwangua, Sehemu ya Saba: Nambari ya Kuanzia

"Mama yako! Wanawake wote wa kibati hiki, zamu ya kwanza ikamwangukie mama yako mzazi!"

"Imemwangukia kwa bahati, Bi Mwanakheri," alisema Nadra.

"Bahati ina macho siku hizi? Imepanda ngazi yenyewe, ikauliza kwa Bi Zeyana wapi?"

Kama gazeti la wiki iliyopita mshafungia maandazi, habari kwa ufupi ni hii. Nadra, binti mwenye stashahada ya kompyuta, amewatengenezea wanawake wa kibati cha mama yake, upatu wao wa kuchangiana kwa zamu, njia mpya ya kupata zamu. Hakuna tena vikaratasi ndani ya kawa. Kila mwanachama, awe Mlandege, Chwaka au Maskati, huchagua kadi kwenye simu, akaisugua kwa kidole, rangi ya fedha ikatoka, na chini yake akaiona zamu yake.

Michango nayo hailali tena chini ya godoro la mtu. Inakaa kwa sarafu za mtandaoni, zile zinazokwenda sambamba na dola, ndani ya kasha la mtandao lisilofunguka mpaka wawili kati ya watu watatu wageuze funguo zao. Watatu hao ni Nadra, mama yake, na mchumba wake Haroub, mwenye duka la simu Mlandege.

Siku ya kukwangua ikafika. Bi Zeyana, mama yake Nadra na kijumbe anayekiendesha kibati, akasugua kadi yake mbele ya wote. Ikatoka nambari moja.

Na sasa ukumbi mzima wa nyumba yake ya Malindi ulikuwa unawaka.

"Mie nimo kibati hiki tangu sijaota mvi," alisema Mwanakheri. Ni muuza vitambaa, na sauti yake imezoea kushindana na vipaza sauti vya Darajani. "Sheria yetu ni moja. Aliyekunja karatasi huokota mwisho. Haya, nani kakunja?"

"Hakuna aliyekunja. Kompyuta imekunja."

"Na kompyuta ya nani?"

Macho yote yakamgeukia Nadra.

Mwaka mzima binti huyu alikuwa akihubiri neno moja: haki. Alizunguka maduka ya Mlandege, alikaa kwenye mabaraza, aliwaambia watu kwamba mchezo wake hauna mjanja wala mjinga. Vikundi vingine vilikuwa vinasubiri kukiona kibati hiki kikienda sawa ili navyo vijiunge. Jina lake likichafuka ukumbini humu, limechafuka Unguja nzima. Kuta za Mji Mkongwe ni nene, lakini hazijawahi kuzuia neno.

"Mama, sema kitu," alimwomba.

"Nseme nini? Nimechagua kadi, nimekwangua, nimetukanwa. Lipi lililobaki?"

"Hajatukanwa mtu bado," alisema Mwanakheri. "Nikitukana utajua."

Wanawake wakaguna. Mmoja akaanza kuvaa buibui lake. Mwengine akasema kama mambo ndiyo haya, yeye anataka chake sasa hivi na kibati kife.

"Ngojeni!" Sauti ilitoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Ilikuwa ya Salhiya, binti yake Mwanakheri aliyeko Maskati, mwanachama kama wengine. "Nadra, dada yangu, nikuulize moja tu. Kadi ulizichanganya kwa nambari gani ya kuanzia?"

"Hiyo ni siri mpaka kura iishe."

"Kura ishakwisha. Itaje."

"Semeni Kiswahili," alisema Mwanakheri. "Nambari ya kuanzia ndiyo mdudu gani?"

"Kompyuta haijui kubahatisha, mama," alisema Salhiya. "Lazima uipe nambari ya kuanzia, nayo ndiyo inajua ichanganye vipi. Ukiipa nambari ile ile kesho, itachanganya vile vile, hakuna kadi itakayohama. Kwa hiyo anayeijua nambari anajua kadi gani ina zamu gani. Ndiyo maana inatakiwa iwe ndefu, ya hovyo hovyo, asiweze kuibahatisha mtu."

Nadra alikuwa ameshaifungua kompyuta mapajani. Aliangalia. Akaangalia tena.

"Mia saba themanini na sita," alisema polepole.

Mwanakheri akacheka, kicheko kikavu kama kaukau za muhogo.

Kila aliyekuwemo ukumbini aliijua nambari ile. Wazee huiandika juu ya ukurasa badala ya Bismillahi, ili karatasi ikitupwa jina la Mwenyezi Mungu lisikanyagwe. Iko kwenye milango ya maduka, kwenye vibao vya magari, kwenye madaftari ya skuli.

"Niliitia ya kujaribia tu," Nadra alisema. "Nikasema nitaibadilisha. Kisha nikaona ina baraka, nikaiacha."

"Nadra!" Salhiya alishika kichwa kule Maskati. "Mtu wa kwetu akitaka kubahatisha nambari, ataanza na ipi nyengine? Na mchezo wenyewe, mpaka maelekezo yake ya ndani, umeuweka wazi mtandaoni kila mtu ausome!"

"Nimeuweka wazi ili watu waone kwamba hauna hila."

"Umemfungulia mwizi kwa Bismillahi," alisema Mwanakheri. "Na ukamkaribisha chai."

Nadra alikuwa amemgeukia mama yake.

"Mama. Ile kadi ulichagua mwenyewe?"

Bi Zeyana alirekebisha kanga yake. "Macho yangu na simu unayajua."

"Nani kakuchagulia?"

"Si mtu mbali."

"Nani, mama?"

Kabla hajajibu, hodi ikapigwa chini, na viatu vya kiume vikapanda ngazi kwa furaha. Mlangoni akatokea Haroub, kanzu imepigwa pasi hadi inakata, mkononi amebeba kapu dogo la halua.

"Shikamooni mama zangu! Hongera, Bi Zeyana! Zamu ya kwanza, mashallah! Nimesema halua lazima iliwe leo leo."

Mwanakheri alisimama. Ni mwanamke mnene, na akisimama chumba hupungua. "Baba, wewe ni mwanachama wa kibati hiki?"

"Hapana, mie nashika ufunguo tu wa kasha."

"Zamu zetu zinaonekana kwenye simu yako?"

"Hapana."

"Kuna mtu kakupigia kukwambia nani kapata?"

Haroub aliangalia huku na huku. Hapo ndipo alipoziona nyuso.

"Basi hiyo halua," alisema Mwanakheri, "umeinunua kwa kuoteshwa?"

Wanawake wakapiga vigelegele vya kejeli. Haroub akacheka nao, lakini alichelewa kidogo.

"Jamani, mnanitolea macho kama nimeua. Nilijaribu tu. Siku moja Bi Zeyana alinisifia binti yake, akasema huyu haanzi jambo bila ya mia saba themanini na sita, tangu mitihani ya skuli. Nikajiuliza, hivi kweli? Nikajaribu. Ikakubali. Nikaona si vibaya mama akaanza yeye, nikamchagulia kadi. Kuna kosa gani mkwe kumpa mkwewe heshima?"

Bi Zeyana aliziba mdomo kwa upande wa kanga. Alikuwa amemsifia mwanawe, na sifa ikageuka ufunguo.

Lakini hakuwa mtu wa kuziba mdomo muda mrefu.

"Heshima, Haroub?" aliuliza. "Mbona hujawaambia lile jengine? Si uliniomba nikipata zamu nikuachie mzigo wote wa pesa uuzungushe? Ulisema ni kwa ajili ya harusi."

"Mama, hayo ni mambo ya ndani."

"Ya ndani yamo humu ndani. Sema."

Haroub akaliweka chini kapu la halua.

Nadra aligeuza skrini ya kompyuta kuelekea kwa mama yake. "Tunaifuta kura hii. Kila mtu arudishiwe alichoweka. Mie nishageuza ufunguo wangu. Unatakiwa wa pili."

"Mama, fikiri," alisema Haroub haraka. "Kadi za harusi zishagawiwa. Watu watasema nini?"

"Nshafikiri," alisema Bi Zeyana, na akabonyeza.

Simu zikaanza kulia ukumbi mzima, moja baada ya nyengine: kwenye mikoba, chini ya mito, ndani ya buibui. Kila mmoja alikuwa amerudishiwa chake. Aliyekuwa amevaa buibui akalivua, akakaa.

"Tutakwangua upya," alisema Nadra. "Safari hii kila mmoja wenu atatia nambari yake mwenyewe asiyomwambia mtu, zote zitajumlishwa, na hapo ndipo kompyuta itaanzia. Hata mie sitaijua. Na nyumba hii itaokota mwisho."

Mwanakheri alimpima kwa macho. "Hapo umesema. Lakini nilikwita mwizi?"

"Ulikuwa njiani."

"Basi nimerudi nusu ya njia. Nusu ya pili nangoja tukwangue."

Wengine wakacheka. Mkono wa mtu ukaanza kufungua kapu la halua, maana halua haina kosa. Ungedhani yamekwisha.

"Samahanini," ilisema sauti kutoka pembeni ya jamvi. "Huyu kaka mie namjua."

Alikuwa Sichana, mkulima wa mwani kutoka Chwaka, mpole, mtu wa maneno machache. Alikuwa akimkazia macho Haroub tangu aingie.

"Jana alikuwa kwetu. Yeye na vijana wenye fulana nyekundu. Wanauza kadi za kukwangua kwenye simu. Zawadi ya kwanza boti ya faiba na mashine yake."

"Kadi gani?" aliuliza Nadra.

"Si hizi zako? Ndivyo walivyotwambia. Wamesema huu mchezo ni wa haki, umetengenezwa na Nadra wa Malindi, mtoto wa kijumbe. Ndipo tukanunua. Mie nimechukua tatu. Wenzangu wengine wameuza mwani ambao haujakauka sawasawa, ili wawahi."

Nadra alimpokonya simu, kisha akakumbuka adabu, akasema ahsante akiwa ameshaishika. Ulikuwa mchezo wake. Rangi zile zile, herufi zile zile. Na chini kabisa, kwa maandishi mazuri: Umetengenezwa na Nadra.

"Haroub. Hii nini?"

"Ni biashara. Ndiyo nilikuwa nataka kuizungushia ule mzigo, tuende na Nungwi, tuende na Paje. Nilitaka kukushtukiza baada ya harusi."

"Kibati kila mtu anapata alichotia," alisema Bi Zeyana. "Huko anayekosa anapata nini?"

"Anajaribu tena, mama."

"Hiyo ni kamari. Ukiivisha kanzu iliyopigwa pasi, bado ni kamari."

Nadra hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameandika nambari ile ile ya baraka kwenye kompyuta, na orodha ya kadi za Chwaka ilikuwa inateremka mbele yake.

"Bi Sichana, kadi zako tatu hujazikwangua?"

"Nilikuwa nangoja nikwangue na watoto."

"Mbili ni tupu. Hii ya kati ina kilo moja ya sukari. Kwangua."

Sichana akasugua. Tupu. Akasugua ya kati. Kilo moja ya sukari. Akasugua ya mwisho. Tupu.

"Laa haula," mtu alisema.

"Hakuibadilisha hata nambari," alisema Salhiya kutoka Maskati. "Anaziona zote. Nadra, angalia kadi ya boti."

Nadra alitafuta. Alipoiona, akarudi nyuma kwenye kiti.

"Ishachukuliwa. Imechukuliwa kabla kadi yoyote nyengine haijauzwa."

Kwa hiyo fahamu hali ilivyo, msomaji. Kule Chwaka wanawake wanauza mwani mbichi ili kununua boti ambayo haikuwa inauzwa. Na wanaamini kwa sababu ya jina moja tu, nalo si la Haroub.

"Njoo hapa," alisema Haroub, akamvutia Nadra penye dirisha. Alishusha sauti, lakini ukumbi mzima ulikuwa umeacha kutafuna. "Nisikilize kwa akili. Mauzo yanaisha Ijumaa. Nyamaza mpaka Ijumaa tu. Mie nitasimama mbele ya wanawake hawa sasa hivi, nitaapa kwamba niliharibu mie, wewe huna kosa lolote. Jina lako litatoka jeupe. Vikundi vyote vya Mlandege vitakuja kwako."

"Na wa Chwaka?"

"Nani kawashikia bunduki? Ukisema leo, utasema nini? Kwamba mtaalamu mzima, na stashahada yako ukutani, ulifunga mlango kwa nambari anayoijua mtoto wa chuo cha Kurani? Nani atakupa kazi tena? Watakucheka mpaka Pemba."

Hapo Haroub alisema kweli, na ndipo palipomuuma Nadra. Haroub angeweza kuitwa mwizi na bado akauza simu. Fundi wa haki akiitwa mjinga, anauza nini?

Alimtazama mama yake.

"Usinitazame mie," alisema Bi Zeyana. "Nambari uliiandika wewe."

"Watanicheka, mama."

"Watakucheka. Wiki mbili, tatu. Kisha atatoka mwengine wa kuchekwa. Sichana atauza nini wiki tatu hizo?"

Nadra alirudi katikati ya ukumbi.

"Bi Mwanakheri, simu yako."

"Ya nini?"

"Wewe umo kwenye makundi yote ya wasap ya kisiwa hiki."

"Si yote," alisema Mwanakheri. "La wavuvi wa Chwaka walinitoa, nilikuwa nawagombeza. Lakini wake zao wamenirudisha."

Akaitoa, akaifungua, akampa bila ya neno jengine. Kwa Mwanakheri, kutoa simu bila ya neno ni jambo la kutangazwa redioni.

Nadra alibonyeza pa kurekodia sauti.

"Assalamu alaykum. Mie ni Nadra wa Malindi, mtoto wa Bi Zeyana. Mchezo wa kukwangua unaouzwa Chwaka nimeutengeneza mie, na una kosa langu mwenyewe. Kadi zake zinachanganywa kwa nambari mia saba themanini na sita, na anayeijua anaona kilicho chini ya kila kadi. Muuzaji anaijua. Kadi ya boti ilishachukuliwa kabla hamjaanza kununua. Msinunue. Mlionunua, wafuateni wale vijana leo, mdai chenu. Na yeyote asiyeamini, nitumieni picha ya kadi yenu kabla hamjaikwangua, nitawaambia kilichomo."

Haroub aliruka. Mkono wake ulifika karibu na simu, lakini kati ya mkono na simu palikuwa na Mwanakheri, na Mwanakheri hapitiki.

"Gusa," alimwambia. "Gusa uone kama harusi yako haitageuka hitima ya msiba wako."

Haroub akarudi nyuma. Na hapo Nadra akaona kitu ambacho hakukitarajia. Mchumba wake hakuwa na hasira. Alikuwa ameingiwa na hofu. Macho yake yalikwenda dirishani, kwenye kichochoro, yakarudi.

"Nadra, usitume. Nakuomba kwa Mungu. Ile kadi ya boti si yangu."

"Ya nani?" aliuliza Nadra.

"Mie nimetumwa tu. Mie ni muuza simu, nitapata wapi boti ya faiba? Ukituma hiyo sauti, hatokuja kwangu. Atakuja hapa, kwa mama yako."

"Ya nani, Haroub?"

"Weka simu chini kwanza. Weka, nikwambie jina. Ukilisikia utashukuru hukutuma."

Bi Zeyana alikuwa amesimama. Kwenye chupa ya chai, Salhiya alikuwa ameusogeza uso wake mpaka umejaa kioo chote. Sichana aliikamata simu yenye kadi zake tatu kana kwamba zingeweza kubadilika.

Nadra alimtazama mwanamme aliyekuwa awe mumewe. Alimtazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza.

"Jina utaniambia baadaye," alisema.

Akaweka alama kwenye kundi la Chwaka, akaweka la Mlandege, akaweka la Malindi, akashuka nayo orodha yote ya Mwanakheri mpaka mwisho, na akatuma.